Mtoto yuko Canada, nyumba iko Beni



Jumapili iliyopita, kisha mkutano wa kikundi, mama mmoja alituvuta pembeni akatuonyesha simu yake. Mtoto wake wa kwanza yuko Marekani, sasa ni miaka kumi. Alimwandikia kwamba anataka kununua paroseli hapa Butembo, ajenge nyumba mbili ndogo, azipangishe, na feza ya kila mwezi imsaidie mama kula na kulipa masomo ya wajukuu. Ujumbe uliisha hivi: "Mama, utafute tu, mimi nitatuma." Mama alikuwa na furaha nyingi, nasi tukafurahi pamoja naye. Lakini alipotuuliza, "Mwalimu, tuanzie wapi?" tulikaa kimya kidogo. Katika jamaa yetu sisi wenyewe jambo hili lilianza na maneno yale yale, na mpaka leo halijaisha.

Kwa hiyo juma hili hatutazungumza juu ya uji wa watoto kama tulivyoahidi. Uji utangoja.

Tulimwambia mama yule: kabla ya kuuliza bei, umuulize mtoto ana paspoti gani. Alishangaa. Paspoti na matofali vinahusiana namna gani? Vinahusiana sana. Katika nchi yetu, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunaosema "nimenunua shamba", "nimenunua paroseli", tunachonunua ni nyumba, miti, na haki ya kukaa pale. Haki hiyo ina namna mbili. Ya kwanza ni konsesio ya kudumu, isiyo na mwisho, na hiyo anapewa mtu aliye Mkongomani tu. Ya pili ni konsesio ya kawaida, yenye miaka ya kuhesabiwa: kwa kawaida ni 25, na inaweza kufanywa upya. Hiyo ndiyo ya wageni na ya makampuni.

Sasa tusikilizane vizuri. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004, na Katiba ya 2006 nyuma yake, zinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mtoto wetu aliyeinua mkono na kuapa kuwa raia wa Canada au wa Marekani, hata kama alizaliwa hapa Butembo, hata kama anaota ndoto katika Kinande, mbele ya sheria ya udongo amekuwa mgeni. Yule aliye na karatasi ya ukaaji tu, ambaye hajaapa, bado ni Mkongomani. Tofauti ya hawa wawili wazazi wengi hatuijui, na watoto wengi hawapendi kutuambia. Wanafikiri tutalia. Wengine kweli tulilia.

Haimaanishi kwamba mgeni hawezi kuwa na nyumba ya kupangisha kwetu. Anaweza, kwa njia ya ile konsesio ya miaka 25, na jina lake likaandikwa waziwazi. Lakini watu wengi hawapiti njia hiyo. Wanaona ni ndefu, wanaogopa maulizo, na wanachagua ya mkato: "Tuandike kwa jina la kaka." Ndivyo tulivyofanya kwetu.

Yaya wetu, dada mkubwa, aliondoka mwaka 2009 kupitia Kampala, na baadaye akapokelewa Canada. Anafanya kazi ya kutunza wazee, mara nyingi usiku. Mwaka 2017, kisha kuwa raia wa kule, alianza kutuma feza kwa kaka yetu aliyeishi Beni. Alituma vipande kumi na moja, na vikaratasi vyote alivihifadhi. Kaka alinunua paroseli katika komini ya Bungulu, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, na nyuma akaweka aneksi ya vyumba viwili. Kwa jumla ilifika dola 18 000. Akti ya mauzo iliandikwa kwa jina la kaka peke yake. Hakuna aliyeona ubaya. Kaka alikuwa mtu mwema, tunalisema bila kuficha. Hata siku moja hakula feza ya dada yake kwa ajili ya pombe.

Nyumba iliisha katikati ya mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti ya mwaka ule Ebola ikatangazwa kule Mangina, ikaingia Beni, ikafika na Butembo. Wamama, hatuhitaji kuwakumbusha ndoo za maji ya klori mbele ya kila mlango. Lakini kuna kitu kingine cha wakati ule tunachokisema kwa sauti ndogo: nyumba. Watu wa riposti walikuja kwa mamia, na kila mmoja alitafuta nyumba yenye ukuta, choo cha ndani na mahali pa gari. Ile nyumba ya Bungulu, ambayo kaka alitumaini kuipangisha dola 120, ilichukuliwa kwa dola 600 kwa mwezi. Yaya kule Canada alifikiri tunamdanganya. Tulimtumia kontra, akaamini, akalia kwa furaha. Akaomba mkopo wa kujenga nyingine.

Tarehe 25 Juni 2020 Ebola ikatangazwa kuwa imeisha. Magari meupe yakaondoka na nyumba ikabaki tupu miezi minane. Kisha akaja mpangaji mwalimu kama sisi, akalipa dola 120, tena kwa shida. Yaya akauliza 480 nyingine zinaenda wapi. Kaka akajibu kwamba haziko. Dada hakuamini. Alikuwa amezoea 600 na mkopo wa benki ya kule haukungoja. Walizungumza vibaya kwenye simu, watoto wakisikia. Mwaka 2021 kaka akafa kwa ugonjwa wa ghafula, hawajapatana.

Tulipomaliza matanga, yaya aliandika: "Nyumba yangu sasa itasimamiwa na nani?" Na wifi wetu, mjane mwenye watoto wanne, ambaye alikuwa amehamia katika aneksi, akajibu: "Nyumba gani yako?"

Tunaomba msimhukumu haraka. Karatasi ilikuwa na jina la mume wake. Katika sheria ya jamaa, watoto ndio warithi wa kwanza wa baba yao. Yeye mwenyewe alisimamia mafundi, alipika ugali wa wachota maji, alilala pale ndani nyumba ikiwa haina milango ili mabati yasiibwe. Na upande mwingine kuna mwanamke aliyefua mashuka ya wazee usiku miaka mitatu ili matofali yale yanunuliwe. Wote wawili ni wamama. Wote wawili ni wetu. Sisi tuliokuwa katikati, kila tulipofungua mdomo, mmoja alisema tumehongwa.

Sasa tutafanya hesabu kidogo. Mtusamehe, ni kazi yetu ya kila siku. Chukueni nyumba ya dola 18 000 inayopangishwa 120 kwa mwezi. Mtu wa inje anazidisha kwa 12, anapata 1 440, na anaanza kuota. Punguzeni miezi miwili ya kukaa bila mpangaji, kwa sababu itakuwako: inabaki 1 200. Kodi ya Serikali juu ya mapato ya nyumba, kwa kiwango kilichojulikana miaka mingi, ni 22 kwa mia: hizo ni 264, zinabaki 936. Tengeni 150 kwa mabati, kufuli, choo na rangi, zinabaki 786. Anayesimamia nyumba, anayedai, anayeita fundi, mlipeni 10 kwa mia, yaani 120. Zinabaki 666. Gawanyeni 18 000 kwa 666. Ni miaka 27. Konsesio ya kwanza ya mgeni ni miaka 25.

Wakati wa Ebola hesabu ile ile ilileta chini ya miaka mitano. Ndiyo iliyoharibu akili zetu. Na tunasikia inarudi. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa Januari 2025 na ofisi za mkoa zikahamia Beni, watu wa inje wanatuma ujumbe: jengeni Beni, jengeni upesi, wakubwa wanatafuta nyumba. Ni kweli wanatafuta. Lakini mpangaji aliyeletwa na taabu ataondoka siku taabu itakapogeuka, na hakuna anayeijua siku hiyo. Tena taabu yenyewe inaweza kuja mpaka mlangoni. Boikene, kule kule Beni, watu walihama Novemba 2019 kisha mauaji, na nyumba nzuri zilibaki na panya. Kama nyumba haiwezi kuishi kwa bei ya mwalimu, ya muuguzi, ya mwenye duka la vitenge, msiijenge kwa bei ya shirika.

Na tuseme neno moja juu ya waliokimbia. Katika darasa letu mwaka huu tuna watoto waliotoka Lubero, waliotoka Mbau, waliotoka hata Eringeti. Wazazi wao wanapanga chumba kimoja watu tisa. Kuna wenye nyumba waliopandisha bei juma lile lile wakimbizi walipofika, na wakaomba garanti ya miezi sita. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Anayeomba sita anavunja sheria, hata kama anaimba katika kwaya.

Turudi kwa mama yetu na mtoto wake wa Marekani. Ikiwa bado wanataka, na tunaona wanataka, tulimwambia hivi.

Asitume feza ya paroseli kabla ninyi hamjaenda mguu kwa mguu. Muende asubuhi, si na yule komisioneri peke yake, bali na mwanamke mwingine anayejua kartye. Muulize majirani wa pande zote nne. Jirani ndiye anajua kama paroseli imeuzwa mara mbili, na kwetu Butembo kuuza mara mbili si hadithi. Muulize anayeuza: hii ni yako au ya marehemu baba? Kama ni ya baba, ndugu wote watie sahihi, na wadada wao pia, si wanaume tu. Kama ana mke, mke naye asaini. Tangu Sheria ya Jamaa ilipogeuzwa mwaka 2016 mwanamke haombi tena ruhusa ya mume kama zamani, ila wawili wanapaswa kupatana juu ya mambo yanayowafunga wote. Mwenye kuuza akisema, "Mke wangu hana neno," mngoje mpaka mke mwenyewe aseme hana neno.

Kisha muende kadastri. Karatasi ya sefu wa avenyu ni nzuri, akti ya mauzo ni nzuri, fishi ya paroseli ni nzuri, lakini zote hizo ni ngazi ya kupandia. Juu yake ni sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservateri wa hati za nyumba na udongo. Pasipo hiyo, sheria haikutambui kuwa mwenye haki kamili. Ikiisha kutolewa na miaka miwili ikipita, haiwezi tena kushambuliwa. Kaka yetu aliishia kwenye akti ya mauzo. Alisema sertifika inakula feza nyingi na wapangaji wanangoja. Ndiyo maana leo wifi hana kitu kigumu mkononi, na yaya naye hana.

Jina liwe la nani? Mtoto akiwa bado Mkongomani, liwe lake mwenyewe, nanyi mfanye kazi kwa prokirasio. Prokirasio iandikwe mbele ya notere au kwenye ubalozi, iseme waziwazi mnaweza kufanya nini: kununua, kupangisha, kupokea feza ya nyumba. Isiseme kuuza, isipokuwa yeye anataka hivyo. Mtoto akiwa amekwisha kuapa kule, achague: konsesio ya kawaida kwa jina lake, au jina la mzazi pamoja na karatasi ya pembeni, iliyopita kwa notere, inayosema feza ilitoka wapi na mzazi akifa itakuwaje. Tunajua neno hilo la kifo linachoma mdomo. Mama yule alisema, "Mtoto wangu atafikiri ninajitabiria." Tulimjibu: kaka yetu hakujitabiria.

Feza ije kwa vipande: msingi, kisha ukuta, kisha mabati. Kila kipande kiwe na picha, na katika picha aonekane mtu, si ukuta tu. (Tulishuhudia picha za nyumba moja zikitumwa kwa watoto wawili wa inje, wa jamaa mbili tofauti.) Na ninyi mnaosimamia, muwe na daftari. Tunaongea na ninyi sasa, wamama, si na mtoto. Sisi tunapenda kusema, "Ni mtoto wangu, hatutaandikiana." Lakini mwezi mtoto mdogo anaugua, mnakula feza ya nyumba, mwezi mwingine ni kilio, mwezi mwingine zamu yenu ya likelemba. Hakuna wizi, ila hakuna hesabu. Mtoto anaona bure tu. Ni afadhali muombe 10 kwa mia yenu kwa uwazi, muandike, mle kwa amani.

Wasomaji wa Beni wametuuliza pia juu ya kuvuka: kununua vyumba vya kupangisha Bwera au Kasese, kwa sababu kule usiku hakuna risasi. Tunawaelewa. Tumelala kule wenyewe. Wakonzo ni ndugu zetu, tunasalimiana kwa lugha ile ile, soko la Mpondwe ni kama letu. Lakini kwenye udongo wa Uganda sisi ndio wageni. Sheria ya udongo ya kule, ya mwaka 1998, inamkataza mgeni kumiliki kwa kudumu. Anaweza kupata lizi tu, isiyopita miaka 99. Basi mtu akiwauzia shamba Kasese kwa karatasi ya mkono na kuwaambia, "Ni lako milele," mjue anawauzia asichoweza kuwapa. Na wale wanaoandika kwa jina la rafiki Mkonzo, wasome tena habari ya kaka yetu, ila sasa weka mpaka katikati.

Mtauliza nyumba ya Bungulu ilifikia wapi. Tulikaa mara nne. Mara ya tatu wifi aliondoka kabla ya chakula. Mara ya nne, mwezi uliopita, yaya alikuwa kwenye simu, video, amevaa nguo za kazi, kwake ilikuwa bado alfajiri. Mtoto mkubwa wa marehemu, msichana wa miaka kumi na sita, aliomba kusema. Alisema: "Shangazi, baba alikuwa anaiita nyumba ya yaya. Kila siku aliiita hivyo." Mama yake alitazama chini, hakukana. Na yaya, kisha kukaa kimya muda mrefu mpaka tukafikiri mtandao umekatika, akasema aneksi isiguswe, ni ya watoto wa kaka yake, na nusu ya feza ya nyumba kubwa ilipe masomo yao mpaka wa mwisho amalize sekondari.

Hayo ni maneno, hayajakuwa karatasi. Yaya anataka konsesio ya kawaida kwa jina lake juu ya nyumba kubwa, na aneksi ikatwe, iandikwe kwa watoto. Kukata paroseli kuna gharama yake, na mpimaji anataka kuona mipaka. Tumekwisha kusikia minong'ono kutoka kwa baba wadogo, wanaouliza kwa nini mambo ya udongo yanaamuliwa na wanawake watatu na simu.

Alhamisi hatutafundisha mchana. Tutashuka Beni pamoja na wifi, vikaratasi kumi na moja vya Western Union vikiwa katika fuko ya plastiki, na akti ya mauzo ambayo yeye mwenyewe ameitoa sandukuni na kutukabidhi. Yaya ameomba tumwite video tukifika mbele ya mlango wa kadastri, hata kama kwake bado ni usiku.